Kuhamisha barua pepe za kampuni kutoka seva ya ofisini kwenda kwenye wingu: mwongozo kamili

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Exchange Server 2016 na 2019, programu zake za kuendesha seva ya barua pepe. Seva hizo hazikuzimika siku hiyo. Bado zinanguruma kwenye vyumba vya nyuma vya ofisi nyingi, kando ya kabati la mafaili na birika la chai, zikipokea na kutuma barua kama zamani. Aliyekuwa kwenye kazi hii Machi 2021 anajua hatari yake. Matundu ya usalama ya Exchange yaitwayo ProxyLogon yalipotangazwa tarehe 2 Machi, viraka vya kuyaziba vilitoka siku hiyo hiyo, na bado maelfu ya seva duniani ziliingiliwa: nyingine kabla ya tangazo, nyingine kwa sababu wenyewe walichelewa siku chache kuweka kiraka. Sasa fikiria tundu la namna hiyo likitokea kwenye seva isiyoletewa tena viraka.

Mwongozo huu ni wa ofisi yenye watu 10 hadi 100 hivi. Mfano nitakaoutumia ni aina ya ofisi niliyoihudumia zaidi: wakala wa forodha mwenye masanduku 40 ya barua, seva moja ya Exchange 2016, laini moja ya intaneti na UPS ambayo betri zake zimechoka. Kwa watu hawa barua pepe ndiyo kazi yenyewe. Hati za shehena, ankara za kampuni za meli, idhini za wateja, vyote vinapita humo. Barua ikipotea nusu siku, kontena linalala bandarini na gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabiwa.

Kunakili barua kutoka seva hadi wingu, yaani seva za kampuni kama Microsoft au Google zinazofikiwa kwa intaneti, ni sehemu nyepesi. Kompyuta inafanya usiku kucha wewe ukiwa umelala. Ugumu uko kwenye mambo ya ofisi yako mwenyewe ambayo hakuna aliyeyaandika popote: printa inayotuma skani, kikoa kilichosajiliwa kwa jina la mtu aliyeshaondoka, faili la barua za miaka nane kwenye kompyuta ya mhasibu. Kwa hiyo nusu ya mwongozo huu ni maandalizi, na nakuomba usiiruke.

Kikoa ni cha nani?

Anza hapa, hata kabla ya kuongea na mkurugenzi kuhusu bei. Kikoa ni ile sehemu inayofuata alama ya @. Nani ana nywila ya akaunti kwa msajili wa kikoa? Kimesajiliwa kwa jina la kampuni, au kwa jina la kijana aliyetengeneza tovuti mwaka 2014? Anwani ya mawasiliano iliyoandikwa kule bado inafanya kazi? Kinaisha muda lini?

Nimeona kazi ya wiki mbili ikageuka ya miezi miwili kwa sababu ya swali hili peke yake. Aliyesajili kikoa alikuwa amehamia nchi nyingine, barua za uthibitisho zilikuwa zinakwenda kwenye anwani aliyokwisha kuifunga, na ilibidi kampuni ipeleke nakala ya cheti cha usajili na barua ya mkurugenzi yenye muhuri kwa msajili kudai mali yake yenyewe. Usipokishika kikoa mkononi, huwezi kubadilisha rekodi yoyote, na bila kubadilisha rekodi hakuna kuhama.

Ukishakipata, jua pia rekodi za DNS, zile zinazoiambia dunia tovuti na barua za kikoa ziko seva gani, zinahifadhiwa wapi. Mara nyingi msajili ni mmoja, tovuti iko kwa mwingine, na DNS iko kwa wa tatu. Chukua nakala ya rekodi zote zilizopo leo, ziandike kwenye jedwali, hifadhi. Siku mambo yakienda mrama, jedwali hilo ndilo njia yako ya kurudi.

Sensa ya kila kinachotuma barua

Orodha ya masanduku ni rahisi kupata. Kwenye Exchange fungua dirisha la amri uandike:

`Get-Mailbox -ResultSize Unlimited | Get-MailboxStatistics | Select DisplayName,ItemCount,TotalItemSize`

Utapata majina, idadi ya barua na ukubwa wa kila sanduku. Ipitie orodha hiyo pamoja na mtu wa rasilimali watu, jina kwa jina. Kwenye masanduku 40 ya mfano wetu, 11 hayakuwa ya mtu aliye hai kazini: yalikuwa info@, mauzo@, ya wafanyakazi waliokwisha kuondoka, na mawili ambayo hakuna aliyekumbuka yalifunguliwa kwa ajili ya nini. Hii ni pesa. Kwenye Microsoft 365 sanduku la pamoja halihitaji leseni yake likiwa chini ya GB 50, na kwenye Google Workspace anwani kama info@ inaweza kuwa kundi. Ofisi iliyodhani inahitaji leseni 40 ikaishia kulipia 29.

Kisha geukia vitu visivyo watu. Mashine kubwa ya kutoa kopi inayoskani na kutuma kwa barua pepe. Programu ya uhasibu inayotuma ankara na taarifa za wadaiwa. Kinasa picha za kamera za ulinzi, UPS yenye kadi ya mtandao, fomu ya mawasiliano ya tovuti, mfumo wa mahudhurio wa vidole. Vyote hivi vimezoea kuikabidhi seva ya ofisini barua bila kuulizwa jina wala nywila, na siku utakapoizima vitanyamaza. Hakuna atakayelalamika mara moja. Italalamikiwa baada ya wiki tatu, mteja atakaposema hajaona ankara.

Usitegemee kumbukumbu za watu. Washa kumbukumbu za kina kwenye viunganishi vya kupokea vya Exchange (`Set-ReceiveConnector` na `-ProtocolLoggingLevel Verbose`), subiri wiki mbili zinazopita mwisho wa mwezi, kisha soma mafaili yaliyo kwenye folda ya `TransportRoles\Logs\FrontEnd\ProtocolLog\SmtpReceive`. Kila anwani ya IP ya ndani inayoonekana mle ni kifaa. Ifuate hadi ukione kifaa chenyewe kwa macho. Mwisho wa mwezi ni muhimu kwa sababu programu nyingi za mishahara na ankara hutuma mara moja tu kwa mwezi.

Na kuna barua zinazoelekezwa kwingine. Wakurugenzi wengi wameshaomba barua zao zipelekwe pia Gmail yao binafsi. Microsoft 365 kwa kawaida huzuia kusogezwa huko kwa barua nje ya kampuni, na inazuia kwa sababu nzuri: wezi wanapoingia kwenye sanduku la mtu, moja ya mambo ya kwanza wanayofanya ni kuweka kanuni ya namna hiyo. Mweleze bosi mapema, mfungulie akaunti ya kampuni kwenye simu yake, umalize jambo hilo kabla ya kuhama.

Barua zilizojificha kwenye kompyuta

Ofisi nyingi za kwetu zilianza na POP3, njia ya zamani ya kupokea barua. Laini zilikuwa nyembamba, nafasi kwenye seva ndogo, kwa hiyo Outlook ilipakua barua na kuzifuta kwenye seva. Matokeo yake, unaangalia seva unaona sanduku la mhasibu lina MB 300 unafurahi, kumbe kwenye diski ya kompyuta yake kuna faili la PST lenye GB 18, nalo ndilo historia yote ya kampuni na wateja wake tangu 2016.

Pita meza kwa meza. Kwenye kila kompyuta tafuta mafaili yanayoishia na `.pst`. Nakili kila moja kwenye diski ya nje Outlook ikiwa imefungwa, maana faili likiwa wazi nakala inaweza kuharibika. Liandike jina la mwenyewe na tarehe. Fanya hivi kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Mafaili ya `.ost` ni kivuli tu cha kilichoko kwenye seva, hayo yaache.

Wakati wa kuhama, mafaili machache ya PST unaweza kuyaingiza kupitia Outlook yenyewe, kwa njia ya kuleta data, moja kwa moja kwenye sanduku jipya. Yakiwa mengi, Microsoft ina huduma ya kuyapandisha kwa wingi. Ila muulize mtu kwanza anahitaji nini. Kuna mhasibu mmoja aliyenifuata Jumatatu asubuhi, uso umemkauka: «Kaka, barua zangu za 2017 ziko wapi?» Zilikuwa salama kwenye diski ya nje, sikuwa nimemwambia. Tangu siku hiyo namwonyesha kila mtu kwa macho yake faili lake limehifadhiwa wapi kabla sijaanza.

Kuchagua wingu, na maswali ya mkurugenzi

Microsoft 365, Google Workspace na Zoho zote zinafanya kazi. Ofisi iliyozoea Outlook na Excel, na inayotoka Exchange, itahama kwa urahisi zaidi kwenda Microsoft 365, kwa sababu kalenda, anwani na ruhusa zinahama pamoja na barua. Ofisi ya vijana wanaofanya kazi kwenye kivinjari na simu wataipenda Google. Zoho ni nafuu na inawatosha wengi. Sitapoteza nafasi hapa. Chagua kile ambacho watu wako hawatahitaji kujifunza upya.

Mkurugenzi atauliza: mkongo wa baharini ukikatika? Ni swali la haki. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Mjibu kwa ukweli. Seva ikiwa ofisini na intaneti ikakatika, barua za nje zinasubiri kwa mtumaji, siku moja hadi tano kutegemea seva yake, kisha zinarudishwa kwake. Seva ikiwa kwenye wingu, barua zinaendelea kupokelewa kule, na mtu mwenye simu yenye mtandao wowote unaofanya kazi anazisoma. Kitu unachopoteza ni kimoja: zamani watu wa jengo moja waliweza kuandikiana hata bila intaneti, sasa hawataweza. Kwa hiyo laini ya pili, hata ruta ya 4G ya kampuni nyingine ya simu, iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Atauliza sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na barua pepe za kampuni zimejaa nakala za pasipoti, namba za TIN na mikataba ya ajira. Mpe mwanasheria wa kampuni mkataba wa huduma ausome kabla ya kulipia. Hospitali, benki na ofisi za umma zina masharti zaidi ya hayo.

Unapofungua akaunti ya kampuni kwenye Microsoft 365, nchi unayochagua haibadilishiki baadaye, basi chagua ile ambayo kampuni imesajiliwa. Akaunti ya msimamizi mkuu iwe ya kampuni. Isiwe ya fundi wala ya wakala anayewauzia leseni. Tengeneza na ya pili ya dharura, yenye anwani inayoishia `onmicrosoft.com`, nywila yake ndefu ikiwa kwenye bahasha ndani ya sefu. DNS ikiharibika usiku wa kuhama, akaunti hiyo bado itakuingiza.

Njia ya kuhamishia

Zipo tatu unazohitaji kuzifahamu. Ya kwanza ni kuhamisha wote kwa mkupuo. Microsoft inaruhusu hadi masanduku 2,000 lakini yenyewe inashauri yasizidi 150. Inafaa ofisi isiyolandanisha majina ya watumiaji wa ndani na wingu, na inadai seva yako iwe na cheti cha usalama kutoka kwa mtoaji anayetambulika. Cheti ulichojitengenezea mwenyewe hakikubaliki.

Ya pili ni mseto, seva na wingu vikiishi pamoja kwa muda. Maandalizi yake ni marefu, lakini Outlook za watu zinajigeuza zenyewe bila kutengenezewa wasifu mpya na bila kupakua barua zote upya. Kwa ofisi yenye laini nyembamba, faida hiyo ya mwisho inalipa jasho lote. Kwa wakala wetu wa masanduku 40 ningechagua hii, hata kama wote watahama wiki moja.

Ya tatu ni IMAP, njia ya kusoma barua inayoeleweka na seva za aina nyingi, kwa wanaotoka kwenye seva zisizo za Exchange, mathalani Zimbra au barua zinazokuja na kifurushi cha tovuti. IMAP inabeba barua peke yake. Kalenda na orodha za anwani hazihami, utazitoa kwa mkono. Na barua moja moja zenye ukubwa unaozidi MB 35 hazitavuka kwenda Microsoft 365, basi zitafute mapema uzihifadhi pembeni.

Hesabu ya laini

Hapa ndipo ahadi nyingi huvunjika. Chukua jumla ya masanduku, tuseme GB 180. Pima kasi ya kupandisha, siyo ya kushusha. Watu hutaja ile ya kushusha kwa sababu ndiyo inayoandikwa kwenye tangazo. Ukipata Mbps 10, hiyo ni sawa na MB 1.25 kwa sekunde. GB 180 ni MB 180,000. Gawanya, unapata sekunde 144,000, yaani saa 40 za laini isiyotumiwa na mtu mwingine yeyote. Ukihamisha usiku tu, saa 12 kwa usiku, ni zaidi ya siku tatu kwa hesabu safi. Kwa uhalisia, na umeme wetu, panga wiki nzima au zaidi.

Habari njema ni kwamba unakili kabla ya siku ya kugeuza. Barua za zamani zinapanda polepole huku watu wakiendelea na kazi kwenye seva ya zamani, na kila siku zinaongezwa zile mpya tu. Siku ya kugeuza kinabaki kidogo sana cha kupandisha.

Anza na watu watatu: wewe mwenyewe, mtu mmoja mwenye sanduku dogo, na mmoja mwenye sanduku kubwa lenye fujo. Linganisha idadi ya barua huku na kule, folda kwa folda. Mwombe mwenye sanduku afungue barua tano anazozijua yeye, zenye viambatisho, na moja iliyo kwenye folda yenye jina la Kiswahili au Kiarabu. Yakiwa sawa, endelea na wengine.

Kuandaa DNS

Siku nne au tano kabla ya kugeuza, punguza TTL ya rekodi ya MX (inayosema barua za kikoa zipelekwe seva gani), na ya autodiscover (inayoielekeza Outlook sanduku liliko), kutoka sekunde 86400 hadi 300. TTL ndiyo inayoiambia dunia ikae na jibu la zamani kwa muda gani. Ukiiacha 86400, siku nzima baada ya kugeuza bado kuna watu wanaokutumia barua kwenye seva ya zamani.

Rekodi ya SPF inataja nani anaruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako. Kipindi hiki cha mpito weka wote wawili, wa zamani na mpya:

`v=spf1 ip4:203.0.113.25 include:spf.protection.outlook.com ~all`

Weka IP yako halisi mahali pa huo mfano. Iwe rekodi moja tu; ukiwa nazo mbili zinazoanza na `v=spf1` zote zinahesabika mbovu. Na ukomo wa utafutaji wa DNS ndani ya rekodi hiyo ni 10, kwa hiyo ondoa zile `include` za huduma za matangazo mlizoacha kutumia zamani.

DKIM ni sahihi inayobandikwa kwenye kila barua. Microsoft itakupa rekodi mbili za CNAME, `selector1._domainkey` na `selector2._domainkey`, ziweke, subiri zionekane, kisha uiwashe kwenye ukurasa wa msimamizi. Wengi huweka rekodi wakasahau kuiwasha. Malizia na DMARC, inayowaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyopita ukaguzi wa hizo mbili:

`_dmarc   v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@mfano.co.tz`

Anza na `p=none` usome ripoti kwa wiki kadhaa, utagundua vifaa vilivyokwepa sensa yako, kisha panda hadi `quarantine`. Usiliache jambo hili kwa baadaye. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai SPF, DKIM na DMARC kwa wanaotuma barua nyingi, na hata anayetuma chache anaweza kuangukia kwenye barua taka bila hizo.

Usiku wa kugeuza

Chagua Ijumaa jioni. Kwa Tanzania kwepa siku zinazokaribia tarehe 7 na 20, wahasibu wakiwa kwenye ritani za kodi za mishahara na VAT. Siku kumi kabla, waandikie wafanyakazi kwa ufupi: siku gani, nini kitabadilika, nani wa kupigia. Na uwaambie sentensi hii: «Hatutakutumia kiungo chochote cha kubonyeza ili sanduku lako lihamishwe.» Wezi wanapenda vipindi vya namna hii. Barua inayosema «sanduku lako limejaa, thibitisha nywila hapa» ni ile ile ya siku zote, ila wiki ya kuhama inaaminika kirahisi.

Saa moja usiku, kazi ikishaisha, badilisha MX ielekee wingu. Nakili thamani iliyoandikwa kwenye ukurasa wako wa msimamizi, usiikisie. Badilisha autodiscover pia. Kisha hakiki kutoka nje ya mtandao wa ofisi, kwa kompyuta inayotumia bando la simu:

`nslookup -type=mx mfano.co.tz 8.8.8.8`

Jibu likiwa jipya, jitumie barua kutoka Gmail, na ijibu. Fungua kichwa cha jibu lililofika Gmail utazame mistari ya SPF, DKIM na DMARC. Yote iseme `pass`.

Sasa mtego ambao umeninasa mimi mwenyewe. Ofisi yenye Active Directory, yaani orodha ya Microsoft ya watumiaji na kompyuta za ofisi, mara nyingi ina DNS ya ndani inayobeba kikoa kile kile cha nje. Umebadilisha rekodi za nje, dunia nzima inaona wingu, lakini kompyuta za ofisini zinauliza DNS ya ndani na kujibiwa anwani ya seva ya zamani. Nilikaa hadi saa nane usiku nikishangaa kwa nini simu yangu inapokea na kompyuta iliyo mezani haipokei. Badilisha pande zote mbili. Juu ya hapo, Outlook ya kompyuta iliyosajiliwa kwenye Active Directory huiuliza hiyo kwanza kabla ya DNS, na inaelekezwa Exchange ya zamani. Kama umehama kwa mkupuo, masanduku yote yakishavuka, futa kielekezo hicho:

`Get-ClientAccessService | Set-ClientAccessService -AutoDiscoverServiceInternalUri $null`

Usiiache seva ya zamani kama MX ya akiba. Watumaji wa barua taka hulenga rekodi ya akiba makusudi, kwa kuwa ulinzi wake huwa dhaifu. Iache seva iwake tu, ili barua zilizochelewa njiani zifike na uzilandanishe Jumamosi na Jumapili.

Jumatatu asubuhi

Kama hukutumia mseto, kila Outlook itaanza kupakua sanduku lake lote upya. Watu 29 wenye wastani wa GB 4 ni GB 116 zinazotaka kushuka saa mbili asubuhi kwenye laini ya Mbps 20. Hesabu inatoa karibu saa 13, na muda wote huo hakuna anayefungua hata mfumo wa forodha. Dawa yake ni ndogo: unapotengeneza wasifu mpya, vuta kile kishale cha Outlook kinachosema barua za muda gani zikae kwenye kompyuta, kiweke miezi mitatu. Za zamani bado zinatafutika, zinakaa kule kule juu. Na tengeneza wasifu hizo Jumamosi, kundi kwa kundi, usisubiri Jumatatu.

Simu zifutwe akaunti ya zamani kabla ya kuongezwa mpya. Kaa mezani na watu asubuhi hiyo, usiwe fundi wa kupigiwa simu. Wengi hawatasema wamekwama. Watatumia WhatsApp badala ya barua pepe, nawe utadhani mambo ni shwari.

Utakutana na hili pia, hasa ukihamisha kwa IMAP au PST: mtu anajibu barua ya mwaka jana ya mwenzake wa meza ya pili, inarudi ikiwa na maandishi ya ajabu yanayoanza na `IMCEAEX`. Exchange ya zamani ilihifadhi anwani za ndani kwa umbo lake lenyewe, na wingu halilijui. Chukua `LegacyExchangeDN` ya kila sanduku kutoka seva ya zamani, uiongeze kwenye sanduku jipya kama anwani ya aina ya X500. Kwa haraka ya asubuhi, mwambie mtu afute jina linalojitokeza lenyewe anapoandika, kisha alichague upya kwenye orodha.

Vifaa vya sensa yako vigeuze siku hii. Printa ya kisasa itumie `smtp.office365.com`, mlango 587, na akaunti yake, kama mpangilio wenu bado unaruhusu kuingia kwa jina na nywila. Ya kizamani isiyojua usimbaji wa sasa, kama mna IP ya umma isiyobadilika, itengenezee kiunganishi kinachoitambua IP hiyo. Vinavyowaandikia watu wa ndani tu vinaweza kupeleka moja kwa moja kwenye MX kupitia mlango 25, kama mtoa intaneti wako hajaufunga na mpangilio wa akaunti yenu unaruhusu.

Wiki ya kwanza: milango

Seva ya ofisini ilikuwa nyuma ya ukuta. Sanduku la wingu linafunguliwa na yeyote mwenye nywila, kutoka popote duniani. Uthibitishaji wa hatua mbili uwe wa lazima kwa wote, kuanzia mkurugenzi. Kwa biashara zetu wizi unaouma ni wa ankara: mtu anaingia kimya kwenye sanduku la mhasibu, anasoma wiki mbili, kisha mteja anapokea barua ya kweli kabisa kwa sura, kwenye mazungumzo yale yale, yenye namba mpya ya akaunti ya benki. Weka kanuni ofisini kwamba akaunti ya benki haibadilishwi kwa barua pepe bila kupiga simu namba mliyokuwa nayo tangu zamani, na waambie wateja wenu kwa maandishi. Kila mwezi pitia kanuni za masanduku. Inayohamishia barua kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua ni alama ya mwizi.

Wingu pia halichukui nafasi ya bakapu. Kwenye Microsoft 365 barua iliyofutwa kabisa hukaa siku 14, unaweza kuzisogeza hadi 30. Sanduku la mtumiaji aliyefutwa hukaa siku 30; kwenye Google mtumiaji aliyefutwa anarudishwa ndani ya siku 20. Baada ya hapo imekwenda. Mfanyakazi anapoondoka, geuza sanduku lake kuwa la pamoja kabla ya kuondoa leseni, na kama kazi yenu inadai kumbukumbu za miaka, lipieni bakapu ya kampuni nyingine.

Kuizima seva

Subiri mwezi. Angalia kumbukumbu zile zile za SmtpReceive. Ikipita wiki mbili zenye mwisho wa mwezi ndani yake bila kifaa kugonga, uko tayari. Ondoa IP ya zamani kwenye SPF, funga milango 25 na 443 kwenye ruta, rudisha TTL ya kawaida.

Usichomoe tu waya. Exchange imejiandika ndani ya Active Directory, na inaondolewa kwa kisakinishi chake ili isiache mizizi. Kama mnaendelea kulandanisha watumiaji wa ndani na wingu, jambo linabadilika: sifa za barua bado zinasimamiwa kutoka ofisini. Tangu sasisho la CU12 la Exchange 2019, Aprili 2022, inawezekana kubaki na zana za usimamizi peke yake na kuzima seva ya mwisho, lakini kwa hali hiyo unaizima bila kuiondoa kwa kisakinishi. Soma maelekezo ya Microsoft ya hali yako kabla ya kubonyeza chochote.

Chukua nakala ya mwisho ya hifadhidata kwenye diski mbili za nje zilizofungwa kwa nywila. Moja ikae sefuni, nyingine nje ya jengo. Seva yenyewe mtu atataka kuinunua au kuipeleka kwa mafundi wa vifaa vya mitumba. Ing'oe diski zake kwanza. Humo mna barua za miaka tisa za watu walioiamini ofisi yako na pasipoti zao, mishahara yao na mikataba yao. Ziharibu kwa nyundo au drili, mbele ya mkurugenzi, na muandike karatasi yenye namba za diski, tarehe na sahihi zenu wawili.